MLANGO GANI TUPIGE HODI?



Watu wetu wengi siku hizi wanakwenda Kanada kutafuta kazi. Wengine wanaendesha malori, wengine wanapakia mizigo katika viwanja vya ndege, wengine ni makarani wa benki. Wapo Wakenya, na wapo ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaosema Kiswahili huko kama sisi hapa. Kabla ya kuondoka huambiwa kwamba Kanada ni nchi ya sheria, na tajiri akimbagua mtu kwa ajili ya rangi, dini, taifa, ugonjwa, au kwa kuwa ni mwanamke, sheria itamshika. Maneno hayo ni kweli. Sheria ipo, tena ni nzuri kuliko za nchi nyingi. Lakini sheria kuwapo ni jambo moja, na kujua ni nani mwenye mamlaka ya kusikiliza mashtaka ni jambo lingine. Hapo katikati ndipo mfanya kazi huchoka.

Tuchukue kesi ya dereva mmoja, ambayo imeandikwa katika vitabu vya sheria vya nchi hiyo. Mtu huyu aliwaendesha Maspika wa Bunge la Kanada tangu mwaka 1984. Aliondolewa kazini, akapeleka manung'uniko yake, na mwamuzi akaamuru arudishwe. Mwaka 1997 akaambiwa kwamba nafasi yake haiko tena. Akapeleka mashtaka kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Kanada, akisema kwamba ametendewa hivyo kwa sababu ya rangi yake na asili yake. Je, Bunge lilijibu kwamba si kweli? Jibu kubwa lililopelekwa kortini lilikuwa hili: ninyi Tume hamna ruhusa ya kutuuliza, kwa maana Bunge lina heshima zake za tangu zamani na haliingiliwi na mtu katika mambo ya watumishi wake.

Shauri hilo likapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada, nayo ikatoa hukumu mwezi wa Mei 2005. Majaji walilikatalia Bunge dai lake. Walisema wazi kwamba sheria ya haki za binadamu inawahusu watumishi wa Bunge kama inavyowahusu wengine. Tungefurahi, lakini hukumu haikuishia hapo. Dereva naye aliambiwa kwamba amepiga hodi mlango usio wake: shauri lake lilipasa kupitia njia ya manung'uniko iliyowekwa katika sheria ya wafanya kazi wa Bunge, si kwa Tume. Kutoka 1997 mpaka 2005 ni miaka 8. Kama alibaguliwa au hakubaguliwa, katika muda wote huo hilo silo lililokuwa likijadiliwa.

Twaomba kila mwanachama alifikirie jambo hilo vizuri. Tajiri mwenye mawakili hana haja ya kushinda kesi. Inamtosha kuuliza kila siku, "Ni nani aliyekupa wewe ruhusa ya kunihukumu?" Kila akiuliza, mwaka unapita, mashahidi wanahamia miji mingine, na fedha za mfanya kazi zinakwisha.

Kwa nini iko hivyo? Sababu ya kwanza ni majimbo. Neno hilo si geni kwetu. Wazee wanakumbuka Katiba ya 1963 na mabishano yake. Kanada imekuwa nchi ya majimbo tangu 1867, na kila jambo limegawanywa, hili la Serikali ya Kati, lile la jimbo. Mambo ya kazi hayakutajwa yalipogawanywa. Bunge la Kati lilidhani ni yake, likatunga sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi mwaka 1907. Lakini mwaka 1925 mabwana wa Baraza la Mfalme huko London (ambao zamani walikuwa pia ndio mwisho wa rufani zetu) walisema hapana, mambo ya kazi kwa kawaida ni ya majimbo. Serikali ya Kati ikabaki na wafanya kazi wake yenyewe na wale wa kazi zinazovuka mipaka au zilizowekwa mikononi mwake: reli, ndege, meli na bandari, simu, redio na televisheni, posta, benki, malori yanayotoka jimbo moja kwenda jingine, na nyinginezo. Ukiacha watumishi wa serikali yenyewe, hao ni kama asilimia 6 tu ya wafanya kazi wote wa Kanada. Wengine wote wako chini ya majimbo, na kila jimbo lina sheria yake na baraza lake.

Mtu atasema basi ni rahisi, mwenye kazi ya reli aende kwa Serikali ya Kati, mwenye kazi ya hoteli aende kwa jimbo. Si rahisi. Mwaka 1955 Mahakama ya Juu ilisema kwamba makuli wanaopakia meli katika bandari ya Toronto wako chini ya Serikali ya Kati, maana meli haiwezi kusafiri bila wao. Vizuri. Lakini mwaka 1978, wafanya kazi waliokuwa wakijenga njia za kurukia ndege katika kiwanja cha Mirabel, Quebec, juu ya ardhi ya Serikali ya Kati, kwa kazi ya Serikali ya Kati, waliambiwa kwamba wao ni wa jimbo, kwa kuwa kampuni yao ni ya ujenzi na ujenzi ni ujenzi tu. Na mwaka 2012 ikaja kesi ya kampuni ya Quebec inayokodisha winchi kubwa. Leo winchi inapakua meli, kesho inajenga nyumba. Kazi ya meli ilikuwa asilimia 14 ya mapato ya kampuni na asilimia 20 ya mishahara. Majaji wakasema kampuni yote ni ya jimbo.

Fundisho la kesi hizo ni kwamba haitazamwi mahali ulipo wala kitu ulichoshika mkononi siku hiyo. Inatazamwa kazi ya kawaida ya kampuni iliyokuandika. Kijana anayefagia ndani ya kiwanja cha ndege anaweza kudhani yeye ni mtu wa ndege, kumbe ameandikwa na kontrakta wa usafi. Dereva wa lori asiyevuka mpaka hata siku moja anaweza kuwa wa Serikali ya Kati kwa sababu kampuni yake inavuka kila siku. Sasa twauliza, mtu aliyetukanwa rangi yake na msimamizi asubuhi, atawezaje kujua jioni yake yaliyowasumbua majaji wenyewe?

Tuseme amejua. Amehakikisha kwamba tajiri wake ni benki, au reli, na yuko chini ya Serikali ya Kati. Bado mbele yake iko milango mitatu, na kila mlango una saa yake.

Mlango wa Tume ya Haki za Binadamu, iliyowekwa na sheria ya 1977, hutoa mwaka 1 kutoka kitendo cha mwisho. Tume inaweza kuongeza muda, lakini kwa hiari yake, na mtu asijenge nyumba juu ya hiari ya mwingine. Tume yenyewe haihukumu. Inachambua, na ikiona inafaa, inapeleka shauri kwa Baraza la Haki za Binadamu, ambalo ndilo linalosikiliza mashahidi na kutoa amri. Ukikataliwa na Tume huwezi kuliruka ukaingia barazani, isipokuwa uende kortini kwanza. Jimbo la Ontario liliondoa kizuizi cha namna hiyo mwaka 2008, na watu wake hupeleka mashtaka moja kwa moja barazani. Serikali ya Kati haijafanya hivyo. Na ukishinda, Baraza linaweza kuamuru ulipwe mishahara uliyopoteza, tena dola 20,000 kwa maumivu na dola 20,000 nyingine kama tajiri alifanya kwa makusudi au bila kujali. Haliwezi kupita kiasi hicho, hata kama tajiri ni benki kubwa namna gani.

Mlango wa pili ni wa manung'uniko chini ya mapatano ya chama, kwa wenye chama. Huko saa ni fupi mno, mara nyingi ni siku chache tu zilizoandikwa katika mapatano. Mlango wa tatu ni wa asiye na chama aliyefukuzwa bila haki baada ya kutumika mwaka mzima: ana siku 90 chini ya sheria ya kazi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema shauri lisisikilizwe hapo kama iko njia nyingine katika sheria nyingine. Na sheria ya Tume nayo inasema Tume inaweza kukataa, au kungoja, kama ipo njia nyingine ya manung'uniko ambayo mfanya kazi angepaswa kuimaliza kwanza. Huyu anasema nenda kwa yule, na yule anasema rudi kwa huyu. Wanaojua ofisi zetu hapa hawatahitaji maelezo zaidi.

Sasa tufike penye jambo linalotugusa sisi watu wa vyama. Mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoa hukumu katika shauri la mhudumu mmoja wa wagonjwa wa jimbo la Manitoba. Mama huyo alikuwa na ugonjwa wa ulevi, akafukuzwa. Chama chake kilipigania arudi, akarudi kwa masharti, akafukuzwa tena. Safari hii alikwenda kwa watu wa haki za binadamu wa jimbo, na mwamuzi wao akaona kwamba amebaguliwa kwa ajili ya ugonjwa. Majaji 6 kati ya 7 walisema kwamba katika Manitoba mfanya kazi aliye chini ya mapatano ya chama hana mlango mwingine: mwamuzi wa mapatano peke yake ndiye mwenye mamlaka, isipokuwa sheria iwe imesema wazi kwamba milango ni miwili. Jaji Karakatsanis peke yake alikataa. Kwa bahati, majaji wenyewe waliitaja sheria ya Tume ya Kanada kuwa mfano wa zile zinazoonyesha milango miwili. Kwa hiyo kwa wafanya kazi wa reli, benki, ndege na malori ya mbali, mlango wa Tume haukufungwa. Unaweza kungojeshwa mpaka manung'uniko yaishe, lakini haukufungwa.

Wapo watakaodhani kwamba chama cha wafanya kazi lazima kifurahie hukumu ya Manitoba. Si inaongeza nguvu za chama? Ufunguo sasa uko mfukoni mwa katibu! Sisi hatufurahi, na tutaeleza sababu kwa historia ya wafanya kazi wenyewe.

Zamani katika treni za Kanada, wahudumu wa mabehewa ya kulala walikuwa watu weusi karibu wote. Walitandika vitanda, walipiga viatu rangi, walilala saa chache, na abiria waliwaita wote "George", kwa jina la Pullman mwenye mabehewa, kama hapa mtu mzima mwenye wajukuu alivyoitwa "boi". Mwaka 1917 huko Winnipeg waliunda chama chao wakiongozwa na John A. Robinson. Kwa nini chama chao wenyewe? Kwa sababu chama kikubwa cha wafanya kazi wa reli cha Kanada kilikuwa na kifungu katika katiba yake kinachosema wanachama ni weupe tu. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 1919, lakini weusi wakawekwa katika matawi ya peke yao. Na miaka mingi baadaye, katika reli ya serikali, mapatano yaliyotiwa sahihi na chama na kampuni yaliwagawa watu makundi mawili: kundi la kwanza makondakta na wenzao, kundi la pili wahudumu weusi, na wa pili hapandi kuwa wa kwanza hata atumike miaka 30.

Ndugu, hapo aende kwa nani? Kwa mwamuzi wa mapatano? Mapatano yenyewe ndiyo ubaguzi. Kwa katibu? Katibu ndiye aliyeyatia sahihi. Wahudumu wa kampuni nyingine ya reli, ile ya Canadian Pacific, walikuwa na chama chao cha A. Philip Randolph kilichopata mapatano mwaka 1945. Ilipotoka sheria ya Serikali ya Kati ya 1953 ya kukataza ubaguzi kazini, iliyowashika matajiri na vyama pia, walipata mahali pa kupeleka mashtaka nje ya kampuni, na mwaka 1955 watu weusi wakaanza kupandishwa kuwa makondakta. Katika reli ya serikali mapigano yalichukua muda zaidi. Lee Williams wa Winnipeg na wenzake walisukuma mpaka mwaka 1964 ndipo makundi mawili yakawa orodha moja.

Ni kweli mambo yamebadilika. Tangu hukumu ya 2003 ya Mahakama hiyo hiyo, haki za binadamu huhesabiwa kuwa ndani ya kila mapatano ya kazi, ziandikwe zisiandikwe, na mwamuzi lazima azitumie. Vyama vya leo vina watu wanaojua kazi hiyo, na mara nyingi mwamuzi humaliza upesi kuliko Tume. Twakubali pia kwamba tajiri ana haki ya kutoburutwa mara mbili kwa kosa moja. Mtu akisikilizwa kwa mwamuzi kwa haki, akashindwa, asianze upya mahali pengine kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini nani huamua kama manung'uniko yatapelekwa kwa mwamuzi? Chama. Na chama huhesabu fedha, huhesabu kura, na wakati mwingine mshtakiwa naye ni mwanachama anayelipa ada, tena mwenye marafiki katika kamati. Sheria ya kazi ya Kanada inampa mtu siku 90 kukishtaki chama kilichomtupa, lakini huo ni mlango wa nne, na saa ya nne. Kwa hiyo twasema bila kuogopa: chama kinachotaka kuwa mlango pekee wa mtu aliyebaguliwa kinajitafutia fedheha. Mwanamke peke yake kati ya wanaume mia, mgeni peke yake kati ya wenyeji, ana haki ya kupata sikio lisilotegemea kura za hao waliomzunguka.

Tusidhani kwamba twawacheka Wakanada. Sisi Katiba yetu ya 2010 imetupa korti ya kazi, na sheria ya kazi ya 2007 inamtwika tajiri mzigo wa kuonyesha kwamba hakubagua. Hayo ni mazuri na yalipiganiwa. Lakini Jaji Nyarangi alisema mwaka 1989, katika kesi ya meli Lillian S, kwamba korti isiyo na mamlaka lazima iweke chini zana zake papo hapo. (Sisi tukiweka zana chini huitwa wakorofi.) Mwaka 2017 Mahakama yetu ya Juu ilisema kwamba jaji wa korti ya kazi na jaji wa High Court hawawezi kufanya kazi ya mwenzake. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilisema kesi iliyofunguliwa katika korti isiyo na mamlaka haiwezi hata kuhamishwa, imekufa. Mtu anaanza tena, na miaka 3 aliyopewa na sheria inaendelea kukatika. Kosa la mlango linamwua sawasawa na kukosa haki.

Twataka nini? Twataka jambo moja, huko na hapa: sheria iseme kwamba siku mfanya kazi alipopeleka mashtaka yake kwa mkono wake mahali popote palipowekwa na serikali kwa kazi hiyo, siku hiyo ndiyo ya kuhesabiwa. Kama ofisi si yake, ofisi yenyewe ipeleke karatasi kwa inayohusika, na tajiri asipate faida kwa kosa hilo. Mawakili watasema mamlaka hayawezi kuzaliwa kwa huruma. Hatuombi huruma. Barua ya posta ikifika mji usio wake hupelekwa mbele na muhuri wa siku ya kwanza ukiwa juu yake, wala haichomwi moto.

Mpaka hapo sheria itakaporekebishwa, mwenye ndugu aliyeko Kanada amwandikie. Atazame jina la kampuni katika karatasi ya mshahara, si jina lililo juu ya lango la mahali anapofanyia kazi. Aulize kama ana chama, na ayasome mapatano apate kujua siku za manung'uniko. Kisha, akibaguliwa, apeleke manung'uniko katika siku hizo, na apeleke pia mashtaka kwa Tume, au kwa baraza la jimbo, kabla mwaka haujaisha, hata kama kila mmoja atamwambia angoje mwenziwe. Atunze nakala yenye tarehe. Makatibu wa matawi wanaombwa kulisoma jambo hili mbele ya mkutano wa mwezi, na kutuletea hesabu ya mashauri ya wanachama wetu yaliyotupwa kortini kwa sababu ya mlango, bila kutaja majina, ili tuyapeleke kwa Wizara ya Kazi pamoja na dai hili.